Ziwa la Uani

Mtu wa Bukoba akichimba bwawa uani kwake ajiandae kujibu swali moja, nalo ataulizwa na mkubwa na mdogo: "Kwani Ziwa hulioni?" Mimi nimeulizwa na fundi aliyekuja kupima, na bodaboda aliyeleta saruji, na mama mkwe wangu aliyepanda gari kutoka Kamachumu, Muleba, kuja kuhakikisha kama binti yake bado anaishi na mtu mwenye akili timamu. Ziwa naliona. Ukikaa kibarazani kwangu huku mlimani unaliona hadi kisiwa cha Musira na ng'ambo yake, maji matupu mpaka macho yachoke. Ni kilomita za mraba 68,800. Huwezi kulikosa hata ukitaka.

Ubaya wa Ziwa Victoria ni kwamba si langu. Lina upepo wake, lina viboko wake, lina konokono wa kichocho, lina leseni na maofisa wa kuzikagua, na kila ukipata jiwe zuri la kukalia jioni unakuta mtu amekwisha kuanika dagaa juu yake. Mimi nilitaka maji ya binafsi: bwawa dogo la saruji, samaki wachache, na katikati chemchemi ya kurusha maji kama zile za mahotelini, ili nikitoka kazini niketi, nisikie maji yakianguka, nisiulizwe kitu na mtu yeyote. Ziwa lisilo na matatizo ya Ziwa.

Mama mkwe alisikiliza maelezo yote hayo, akamaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mwenye maji ni Mugasha," akasema. "Ukimwita kwenye beseni atakuja. Lakini hatakuja nusu."

Mama mkwe ni Mkristo wa kukaa benchi la mbele kabisa. Miungu ya kale haiamini. Mugasha humtaja tu anapotaka kumtisha mkwe.

Bwawa lenyewe ni la kiungwana: urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 60. Piga hesabu, ni lita 3,600. Fundi alipoona nondo akashangaa. "Bosi, beseni hili nalo tunalitilia nondo?" Nikamwambia atie. Tangu Septemba 10, 2016, ardhi ilipotikisika kwa ukubwa wa 5.9, ikaua watu na kuharibu nyumba zetu kwa maelfu, Bukoba hatubishani juu ya nondo. Siku hizi mtu akijenga hata banda la kuku anaulizwa katumia milimita ngapi.

Kazi ya kusakafia ilipokwisha, ikaja ile ambayo wengi hawaijui. Saruji mpya ina chokaa yake, na chokaa hiyo hutoka kidogo kidogo ikayafanya maji kuwa makali kiasi cha kuunguza matamvua ya samaki. Dawa ni kujaza, kuacha maji yakae, kumwaga, na kujaza tena, mpaka ukali uishe. Nilikuwa nimeazima karatasi za kupimia kwa mwalimu wa kemia, na kila nikizichovya zinageuka rangi ile ambayo mwalimu alisema ni ya sabuni. Mama mkwe hakutaka kuziona. Alichukua panga, akaingia kibanjani, akatoka na shina la mgomba, akalikatakata na kulitupa bwawani. Mgomba ukioza hutoa asidi, nayo asidi huituliza chokaa. Hayo ni maelezo ya mwalimu. Maelezo ya mama mkwe yalikuwa mafupi zaidi: "Mgomba haujawahi kushindwa kitu." Maji yakawa meusi, harufu ikafika barabarani, na mzee mmoja jirani, mwenye pua inayoaminika sana katika mambo ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapita asubuhi na jioni kuuliza kama itaiva kabla ya Jumapili. Karatasi nazo zikaanza kubadilika rangi. Nilimrudishia mwalimu bila maelezo mengi.

Chemchemi ilihitaji mahali pa kutokea. Bomba la wima lingetosha, lakini fundi alikuwa na kipaji kilichokuwa kikimwasha siku nyingi, akafinyanga korongo wa saruji. Korongo akasimama katikati ya bwawa kwa mguu mmoja, kwa kuwa wa pili ulikataa kukauka, shingo imenyooka kuelekea mbinguni, mdomo kwenye kimo cha mita 2 kamili juu ya maji. Bomba likapita mguuni likatokea mdomoni. Pampu ya kuzamisha ikawekwa juu ya tofali, isinyonye tope la chini.

Boksi la pampu liliandikwa lita 2,000 kwa saa, kimo cha juu mita 2. Muuzaji alilisoma, fundi akalisoma, wakakubaliana kwamba mashine itapandisha lita 2,000 hadi mita 2. Boksi halikusema hivyo. Lilisema kwamba pampu isipokuwa na pa kupandisha itasukuma lita 2,000, na ikifika mita 2 itakuwa imeishiwa pumzi kabisa, haitoi hata tone. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelekezo iliyosisitiza, kwa herufi nzito, kwamba pampu iondolewe bwawani kabla maji hayajaganda. Fundi akaniuliza barafu ya Bukoba huanza mwezi gani. Tuko digrii moja na kidogo kusini ya Ikweta. Nikamwambia awe na subira.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Majirani walikuja, watoto wao walikuja, na watoto wa watu ambao hatuwafahamu nao walikuja. Mwenyekiti wa mtaa aliombwa aseme maneno machache, na kwa kuwa sisi ni Wahaya, chai ilipoa mara ya kwanza, ikapashwa, ikapoa tena. Kisha nikabonyeza swichi. Pampu ikanguruma. Maji yakapanda mguuni, yakapanda kifuani, yakapanda shingoni, yakafika kooni, yakasimama. Korongo akabaki amefungua mdomo. Tukamtazama. Naye akatazama mbinguni. Fundi akampiga kofi la shingo, bila mafanikio. Hatimaye mtoto mmoja akasema, "Labda ana kiu."

Msomaji wa mikoa mingine lazima nimweleze kwamba kwetu kicheko si jambo la mchezo. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana pale Kashasha, wilayani Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikaambukiza. Wanafunzi 95 kati ya 159 wakakipata, na Machi 18 shule ikafungwa. Wasichana wakaenda nacho makwao, kikafika Nshamba, kikazunguka vijijini kwa miezi. Waganga waliochunguza hawakukuta sumu wala kirusi, wakasema ni mambo ya nafsi yenye dhiki. Mama mkwe, ambaye mwaka ule alikuwa binti mdogo, aliwatazama majirani zangu walivyoshikana mabega wasianguke bwawani, akasema kwa utulivu wa mtu aliyeona mengi, "Ndicho chenyewe. Na kile kilianza na watatu tu."

Tulimkata korongo shingo. Kanuni, kwa anayeihitaji, ni hii: tafuta pampu ambayo kimo chake cha juu ni maradufu ya kimo unachotaka, na iweze kuzungusha maji yote ya bwawa angalau mara moja kila saa mbili. Yangu kwa lita za kwenye boksi ilitosha. Iliyozidi ni shingo. Sasa korongo anaishia mabegani, maji yanachupa vizuri pale palipokuwa na shingo, na wageni humwita bata. Mimi nawaambia hiyo ni sanaa ya kisasa.

Umeme unaomnywesha bata huyo unastahili heshima yake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kagera imekuwa ikitoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka. Waganda nao sehemu kubwa ya umeme wao huutoa kwenye Mto Nile, kuanzia bwawa la Jinja lililofunguliwa 1954, pale pale mto huo unapotoka Ziwa Victoria. Sasa fuatana nami: maji ya Ziwa ninaloliona kibarazani yanakwenda mpaka Jinja, yanazungusha mitambo, yanageuka umeme, umeme unashika nguzo na nyaya, unazunguka pwani ya Ziwa, unavuka mpaka, unaingia Bukoba, unapanda mlima, unafika uani kwangu na kunyanyua maji mpaka kwenye mabega ya korongo. Nilimsimulia mke wangu safari hiyo yote kwa ishara za mikono. Akafikiri kidogo.

"Na ndoo je?" akauliza.

Mke wangu ni muuguzi, na kwa muuguzi kila kitu kina kipimo. Pampu ya wati 40 ikifanya kazi usiku na mchana hula karibu uniti 1 kwa siku, uniti 30 kwa mwezi. Nyumba yetu ilikuwa kwenye ngazi ya matumizi madogo, ile ya uniti zisizozidi 75, na ngazi hiyo alikuwa ameilinda kwa miaka mingi, kwa pasi ya mkaa na kwa makaripio. Alisoma mita ya LUKU, akasoma tena, akatoa amri: usiku korongo alale.

Maji yakilala, mbu huamka. Katika joto letu yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili, na kwa kuwa usiku pampu ilizimwa kwa amri na mchana umeme ulikatika kwa hiari yake, bwawa lilipata mapumziko ya kutosha. Mke wangu alianzia kazi Muleba, na mtu aliyefanya kazi ya afya Muleba humfundishi habari za mbu. Huko ndiko, kuanzia 2014, jaribio lililogawa vijiji katika makundi 48 lilipopima vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja ukaidi wa mbu waliokwisha kuizoea dawa. Matokeo yake yakachangia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza vyandarua hivyo 2017. Wilaya imeifundisha dunia kulala salama, na mkwe wake anafuga mbu. Jioni moja mke wangu alitoka uani na upawa na bakuli jeupe, akaliweka bakuli juu ya meza ya chakula, chini ya taa, kati ya ndizi na maharage.

"Hawa wanaoning'inia kichwa chini ni kuleksi, wasumbufu tu," akasema. "Hawa waliolala sambamba na uso wa maji ni anofelesi, wenye malaria yao." Akalisukuma bakuli upande wangu. "Hesabu watoto wako, baba."

Zipo dawa za viluwiluwi za kibayolojia, bakteria wanaoua mabuu ya mbu bila kudhuru samaki, na kiwanda chake kiko hapa hapa nchini, Kibaha, kwa utaalamu wa Kuba. Lakini mtu mwenye bwawa hana haja ya kwenda mbali: samaki wadogo hula viluwiluwi bure. Mfugaji mmoja wa Muleba akaniuzia vifaranga vya sato, akaniapia kwamba wote ni madume. Wafugaji hupenda madume matupu kwa kuwa dume hukua haraka, na kwa kuwa sato wakichanganyika hawazuiliki. Jike huatamia mayai mdomoni na watoto huwaficha humo humo, hapotezi wengi, na bwawa dogo hujaa visamaki vya kidole visivyokua milele. Madume yangu yalikuwa na afya njema. Baada ya muda baadhi yakaacha kula, yakajitenga pembeni, mashavu yametuna. Nikamwita muuguzi wa nyumba. Akainama, akatazama kwa makini ya kazini.

"Dume hili," akasema, "linalea."

Wengi wakila, wengi wanakunya. Kinyesi ni mbolea, na mbolea ikikutana na jua huotesha mwani. Ziwa lenyewe linaugua ugonjwa huo huo, kwa mbolea ya mashamba na maji machafu ya miji. Bwawa langu likawa kijani mpaka korongo akaonekana anatapika mchuzi wa kisamvu. Nikatengeneza chujio la ndoo: chini kokoto, katikati mkaa, juu sponji. Siri ya chujio si sponji. Siri ni bakteria wanaohamia humo na kuigeuza sumu ya kinyesi kuwa kitu ambacho mimea inaweza kukila, nao huchukua wiki kadhaa kujenga makazi. Ndiyo maana sponji halioshwi kwa maji ya bomba yenye klorini. Linakamuliwa ndani ya maji ya bwawa lenyewe, basi. Shemeji yangu, kijana msafi kupita kiasi, alilikuta sponji lile, akalisikitikia, akalifua kwa sabuni, akalianika juani, akanirudishia likinukia limau. Bakteria wa wiki zote zile walikufa wakiwa safi.

Visamaki vikiwa vingi wavuvi hawakosekani. Watoto wa mtaa walikuja mchana sisi tukiwa kazini, wakavua kwa chandarua. Naomba msomaji alitazame jambo hili polepole: chandarua kilichogawiwa kuzuia malaria kilivua samaki waliowekwa kula viluwiluwi wa malaria. Mke wangu alikitambua chandarua hicho, kwa kuwa alikigawa mwenyewe. Mtoto aliyekamatwa alijitetea kwamba Ziwani nako watu huvua hivyo hivyo, na hoja yake, kwa masikitiko, ilikuwa ya kweli.

Mpwa wangu anayesomea mambo ya uvuvi akaleta suluhisho la kitaalamu: kambare mmoja, awapunguze sato. Nikamkumbusha sangara. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kwa hoja hiyo hiyo, kwamba atawageuza visamaki visivyo na maana kuwa samaki wa maana, na furu wa aina mamia wakatoweka, wengine kabla ya kupewa jina. Mpwa akasema, "Anko, huyu ni mmoja." Kambare akaingia. Kwa kweli alifanya kazi, na kadiri alivyofanya kazi alinenepa, na kadiri alivyonenepa alianza kututazama kwa jicho la mwenye nyumba.

Ikaja masika. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ambazo ni mita 2, kimo kile kile ambacho pampu ilishindwa kukifika. Mbingu hufika bila LUKU. Usiku mmoja wa Aprili bwawa likajaa, likafurika, na kambare akasikia wito. Kambare huvuta hewa, na ardhi ikiwa imelowa huweza kusafiri juu yake kwa kujinyonganyonga. Alfajiri jirani, yule mzee mwenye pua ya rubisi, alikwenda kukagua mibuni yake, akamkuta kati ya shina na shina, mwenye masharubu, akielekea barabara ya Muleba. Nilipofika kumdai tayari alikuwa kwenye sufuria.

"Waitu, mwanangu," mzee akaniambia kwa heshima zote, "samaki aliyekuja kwa miguu yake ni mgeni. Mgeni hadaiwi."

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaamua kwamba samaki hana mpaka, kisha akauliza kama kuna kilichobaki. Kwa hiyo, ewe mwenye bwawa, kabla ya Machi weka bomba la kupunguzia maji karibu na ukingo, lifunge wavu wa matundu madogo, na uchimbe mfereji wa kukinga maji ya mlimani yasikuletee tope la watu. Maji yangu yakifurika hushuka mtaroni, na mitaro yetu hushuka Mto Kanoni, na Kanoni huingia Ziwani. Chochote kinachotoroka uani kwako kinakwenda mbali.

Juni mpaka Agosti jua hufanya kinyume. Ziwa Victoria sehemu kubwa ya maji yake huipata kwa mvua inayonyesha juu yake na sehemu kubwa huipoteza kwa kunyonywa na jua, na bwawa langu limerithi tabia hiyo. Kila jioni maji yameshuka, na ukijaziliza kwa maji ya bomba uyaache kwanza kwenye pipa siku moja au mbili, klorini itoke. Ndio msimu wa kutoa pampu, kuiloweka kwenye maji ya ndimu, kukwangua ukoko, na kuzoa tope la chini. Nilisema pia tunahitaji kivuli juu ya maji, mimea inayoelea ifunike nusu ya bwawa, ili mwani ukose jua. Nilikuwa nafikiria yungiyungi. Shemeji, bado akitafuta kusamehewa habari ya sponji, akapanda daladala hadi Kemondo na kurudi na mmea aliouokota mwaloni, wenye majani ya kung'aa na ua zuri la zambarau.

Gugu maji. Asili yake ni Amazoni, Amerika Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda kwa maua yake wakaliweka kwenye mabwawa ya bustani zao: waungwana wa aina yangu. Likaponyoka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, likishuka na Mto Kagera, mto wenye jina la mkoa wetu, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika hekta zinazokaribia 20,000, mitumbwi imenaswa, meli zimezingirwa bandarini. Ilibidi waletwe mbawakawa wadogo kutoka huko huko kwao Amerika Kusini waje kulila. Kwa hiyo mmea uliotoka bwawa la bustani ukaenda Ziwani. Shemeji akautoa Ziwani akaurudisha bwawa la bustani. Likikolea gugu hilo huongezeka maradufu kwa wiki mbili tu. Lilifunika sato, likafunika chujio, likampandia korongo mpaka kifuani. Tulilitoa kwa reki, tukalianika mbali na maji mpaka likakauka kabisa, na mama mkwe akalizika kwenye shimo la mboji kwa jembe na kwa maneno ambayo sikuyasikia vizuri.

Novemba ndiyo iliyonitetea. Nilikuwa nimefunga taa chini ya maji ili bwawa ling'ae usiku, na taa ile, kwa urembo wake wote, ilikuwa haijapata hata mtu mmoja wa kuisifia. Usiku senene walipoanza kushuka, waliipenda. Walikuja wa kijani na wa kahawia, wakatua juu ya korongo, wakatua majini, sato wakala mpaka wakashindwa kuogelea. Kufikia saa nane za usiku uani kulikuwa na ndoo, sufuria, magunia, na watu wa mtaa mzima waliojifunika khanga. Mzee jirani alileta mabati yake mawili akayaegemeza kwenye mbavu za korongo, senene wateleze humo na kuporomokea kwenye pipa. Ndipo nilipojua kwamba kukatwa shingo kulimfaa sana. Hakuna aliyekumbuka uzinduzi. Lalamiko lilikuwa moja tu, nalo alilileta mwenyekiti wa mtaa binafsi: "Bosi, balbu yako ni ndogo."

Pampu ilipowashwa alfajiri ilikoma, imebanwa na miguu ya senene. Tangu hapo Oktoba inapoisha natandika wavu juu ya bwawa na kuifunga pampu soksi kuukuu kwenye mdomo wa kunyonyea. Mke wangu aliwakaanga senene kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, akala, akasema ngazi ya uniti 75 inaweza kusamehewa kwa mwezi huo mmoja.

Krismasi ukoo wote ulipokusanyika, mama mkwe aliitisha kikao cha bwawa. Alisema maji yenye wenyewe wengi hayawezi kukaa bila utaratibu, na kwamba hata nchi tatu za Ziwa zimeunda shirika lao la uvuvi tangu 1994, na ofisi ikawekwa Jinja. Mpwa akasimama kama mtaalamu akaeleza mgawanyo wa Ziwa lenyewe: Tanzania asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Wazee wakaona huo ni mfano mzuri, hauna haja ya kubadilishwa. Asilimia 51 akapewa mama mkwe, kwa kuwa tope la bwawa na maji yake ya kijani huenda kwenye migomba, na migomba iliyo jirani na bwawa sasa inatoa mikungu ambayo watu hupiga nayo picha. Asilimia 43 akapewa mke wangu, mwenye mamlaka ya swichi, ya LUKU na ya viluwiluwi. Senene wakatangazwa kuwa mali ya mtaa. Mimi nikapata asilimia 6, pamoja na wavu wa Machi, pampu ya Juni, soksi ya Oktoba, na kukamua sponji mwaka mzima.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwa heshima, kama Kenya nao kwa asilimia zao 6 ndio husafisha Ziwa lote.

"Kenya," mama mkwe akasema, "hawakulichimba."